Richard Wright na Broken China (1996): uzi wa wanaopenda kinanda kinachokaa nyuma

Loleza_Juu

Wadau wa muziki salamu zenu, na za pekee kwa nyie wa Mbeya, Iringa, Njombe na huko kote ambako mwezi huu ukitoka nje saa mbili usiku lazima uvae makoti mawili. Nyuzi za rock humu zipo ila karibu zote zinaishia kwenye gita, nani mkali wa solo, nani kampita nani, na mpiga kinanda akitajwa anatajwa kwa mstari mmoja kama vile alikuja kubeba vyombo. Leo nataka tumuongelee Richard Wright wa Pink Floyd, na hasa albamu yake ya peke yake inaitwa Broken China, ya mwaka 1996. Itakuwa ndefu, tulieni tu.

Kwa asiyemjua, Wright alizaliwa tarehe 28 Julai 1943 Hatch End, pembeni ya London. Alienda kusomea usanifu wa majengo pale Regent Street Polytechnic, ndo akakutana na Roger Waters na Nick Mason, majengo yakawekwa kando ikabaki bendi. Kinanda alijifundisha mwenyewe zaidi. Ukisikia The Great Gig in the Sky kwenye The Dark Side of the Moon ya 1973, muziki ule ni wake. Us and Them, muziki wake pia, maneno ndo ya Waters. Na ile Shine On You Crazy Diamond ya 1975, zile sauti zinazotanda taratibu kabla gita la David Gilmour, mpiga gita wa bendi, halijalia hata noti moja, ni vidole vyake. Watu wengi wakisema wanapenda Pink Floyd kwa sababu "inakupeleka mbali", anayewapeleka mbali ni huyu, ila hawamjui jina.

Sasa huyu mtu 1979 wakiwa wanarekodi The Wall aliondolewa kwenye bendi. Yaani mwanzilishi. Halafu kwenye zile shoo za The Wall za 1980 na 1981 akapiga kama mwanamuziki wa kulipwa, na kwa vile shoo zilikula hasara na hasara wakaibeba wale watatu waliobaki, yeye peke yake ndo alitoka na hela. Albamu iliyofuata, The Final Cut ya 1983, hayupo kabisa, na ukiisikiliza unaisikia nafasi yake iko wazi. Akarudi taratibu 1987, na kufikia The Division Bell ya 1994 ameshika usukani tena, ameshiriki kutunga nyimbo tano na kuna moja anaimba mwenyewe, Wearing the Inside Out, inahusu mtu aliyejifungia kimya muda mrefu anaanza kutoka. Maneno ya wimbo ule aliandika Anthony Moore. Shikeni hilo jina, maana miaka miwili baadaye ni hao hao wawili walikaa wakatengeneza Broken China.

Albamu inahusu sonona. Siyo mawazo ya siku mbili, namaanisha ule ugonjwa wenyewe, na aliyeugua ni Millie, mke wake wa wakati huo. Imegawanywa sehemu nne, kila sehemu nyimbo nne, jumla kumi na sita, inaenda karibu saa nzima. Inaanza utotoni ambako mambo yanazikwa moyoni, inapita ujana, inazama kwenye ugonjwa wenyewe, sehemu ya nne ndo mtu anaanza kupona. Karibu nusu ya nyimbo hazina kuimba kabisa, na nyingi hazikatiki vizuri kati ya moja na nyingine, kwahiyo ukiweka shafo umeiharibu. Hii ni albamu ya kuanza mwanzo mpaka mwisho, la sivyo iache tu usikilize kitu kingine.

Ninachotaka kusema na nitakitetea humu hata tufike kurasa kumi ni hiki: Wright kwa miaka yote alikuwa anakaa nyuma ya wenzake akiwawekea hewa ya kupumulia, na hapa alipata nafasi ya kuwa mbele na bado akakaa nyuma. Safari hii alikaa nyuma ya mgonjwa. Hamna sehemu hata moja anayoonyesha kwamba anaweza kukimbiza vidole. Kaalika watu wazito, Pino Palladino kwenye besi, Manu Katché dramu, Tim Renwick na Dominic Miller magita, Kate St John kwenye obo, na wote wamepiga kidogo kama yeye. Kuwakusanya watu wa namna hiyo halafu wakakubali kunyamaza, huo ni uongozi.

Na kitu kingine ambacho sijaona mtu akikisema. Sauti inayoimba nyingi ni ya Wright mwenyewe, ile sauti yake laini ya chini chini. Lakini Reaching for the Rail inayofunga sehemu ya tatu, na Breakthrough inayofunga ya nne, anaimba Sinéad O'Connor. Yaani mume anasimulia, anasimulia, halafu pale penye kina kabisa na pale pa kutokea anampisha mwanamke aongee. Mimi naona huo ndo moyo wa albamu yote.

Karibuni.

Kihesa_Kwetu

Mkuu umeandika vizuri ila nianze kwa kukupinga. Kama tunaongelea albamu ya Wright yenye hewa, hiyo ni Wet Dream ya 1978. Imerekodiwa Super Bear, studio iliyokuwa kusini mwa Ufaransa kule milimani juu ya Nice, na kipindi hicho hicho Gilmour naye akarekodi albamu yake ya kwanza pale pale. Gita kapiga Snowy White, saksafoni Mel Collins aliyekuwa bendi ya King Crimson. Nyimbo kumi, sita hazina maneno, hamna mashine mashine, ni watu wanapiga chumbani. Ukiskiliza Cat Cruise au Waves huhitaji mtu akuelezee inahusu nini. Mwaka 2023 Steven Wilson kaichanganya upya sauti zikafunguka zaidi. Broken China naiheshimu ila ile ni mchezo wa kuigiza, unaambiwa sehemu ya kwanza hii, ya pili hii, kazi sana.

Loleza_Juu

Kihesa_Kwetu nakupata kabisa na Wet Dream naipenda, ile saksafoni ya Collins ikiingia na jua la jioni linaingia nayo. Lakini naomba uangalie jambo moja. Wet Dream ni mtu yuko likizo, wimbo mmoja unaitwa Holiday kabisa, mambo ya boti na bahari, na chini yake kuna ndoa inayumba ila haisemwi sana, inapitiwa juu juu halafu tunarudi kwenye saksafoni. Ni nzuri kwa masikio. Broken China ana kitu kinachomsukuma. Mtu akiwa na kitu cha kusema hata zile noti zake za kukaa muda mrefu zinabadilika uzito, na hapo ndo tofauti ninayoisikia mimi.

Hilo la mchezo wa kuigiza ni kweli kiasi, ila hamna msimulizi wala mhusika mwenye jina, ni hali tu zinapita. Ukiamua kutojua sehemu ni ngapi bado inasikilizika.

Sabufa_Mwanjelwa

Mimi nimeitafuta jana baada ya kusoma huu uzi nikaweka kwenye sabufa ya dukani, wakuu nisameheni sijaona kitu. Besi tu inavuma, huko juu mtu ananong'ona, wateja wananiuliza redio imeharibika? Halafu ule wimbo wa pili sijui midoli elfu, mapigo yake ni yale ya miaka ya tisini ya kompyuta, yamechakaa.

Loleza_Juu

Mkuu hilo la mapigo nakubali, Night of a Thousand Furry Toys ndo wimbo uliozeeka zaidi humo na kama ungekuwa wa tano badala ya wa pili watu wengi wasingeikimbia albamu mapema. Lakini kwenye sabufa hapo umeionea. Pino Palladino anapiga besi ambayo noti zake zinateleza, sabufa zetu zimetengenezwa kusukuma chini, kwahiyo inakuza besi mpaka inameza kila kitu cha kati, na padi za Wright, yaani zile sauti za kinanda zinazotanda nyuma, zote zinakaa kati. Ni sawa na kumuweka mpiga kinanda nyuma ya ukuta. Chukua hedifoni hata za bei ya kawaida, zima ile kitufe cha besi ya ziada, punguza sauti kidogo tofauti na unavyofikiria, sikiliza usiku mji umetulia. Utasikia Wright ana tabaka tatu au nne zinabadilishana taratibu, moja inatoka wakati nyingine inaingia na hujui lini imeingia.

James Guthrie ndo alichanganya sauti, huyo ndo fundi wa Pink Floyd tangu The Wall, kwahiyo kila kitu kimewekwa mahali pake kwa makusudi. Usimpe mtu kama huyo sabufa.

Sabufa_Mwanjelwa

Sawa mkuu, nikifunga duka nitajaribu. Nitarudi.

mama_parachichi_Njombe

Habari zenu. Mimi rock siijui kivile, nilivutiwa na neno sonona kwenye uzi. Nimeisikiliza yote leo nikiwa napanga parachichi kwenye kreti, na nimeirudia ile sehemu ya tatu.

Mdogo wangu alipitia hali hiyo. Huku kwetu mtu akikaa ndani haongei, hali, haogi, wanaanza kusema kalogwa, wengine wanasema mvivu, wengine wanamletea maombi na kelele, kila mtu anaingia chumbani na maneno yake. Na mimi nilikuwa nao hao wa maneno, mpaka mhudumu mmoja wa afya akatuambia kaeni nae tu, dawa anywe kwa wakati, msimlazimishe kucheka. Sasa nilichokiona kwenye huu muziki, hasa ule wa Drowning na unaofuata wa huyo dada, hamna mtu anayemwambia mgonjwa amka. Ule muziki unakaa nae. Vinanda vipo tu, haviondoki, havimsukumi. Nililia kusema ukweli na watu walikuwa wanapita barabarani.

Swali langu kaka Loleza, huyo dada anayeimba bado yupo? Na huyo mke alipona?

Loleza_Juu

Pole sana dada, na asante kwa kuandika hivi, umeisikiliza vizuri kuliko wengi wenye CD yenyewe. Mdogo wako aendelee kupata nafuu.

Sinéad O'Connor alifariki London tarehe 26 Julai 2023. Na yeye aliwahi kuongea hadharani kuhusu ugonjwa wake wa akili miaka mingi, kwahiyo nikimsikia kwenye Reaching for the Rail leo nasikia vitu viwili kwa pamoja. Anaimba bila kupaza, yeye ambaye akitaka kupaza hakuna wa kumfikia. Kuhusu Millie, albamu yenyewe inaishia kwenye kupona, na sehemu ya nne ukiisikiliza utaona haiji na matarumbeta, kuna Blue Room in Venice, kuna Sweet July ambayo haina maneno na gita linapumua tu, kisha Along the Shoreline ya pwani, kisha Breakthrough. Kupona kunakuja kidogo kidogo, kama ulivyosema, bila kusukumwa.

Wright mwenyewe alifariki tarehe 15 Septemba 2008 kwa saratani, miaka 65. Miaka sita baadaye Gilmour na Mason wakatoa The Endless River, imejengwa juu ya vinanda vyake vya 1993 na 1994 vilivyobaki kwenye kanda. Na 2015 Gilmour akaweka kwenye albamu yake wimbo wa kumkumbuka, A Boat Lies Waiting, maana jamaa alipenda sana mambo ya kusafiri na mashua.

Kihesa_Kwetu

Mama parachichi umenifanya niirudie. Bado nipo na Wet Dream ila sehemu ya tatu nimeisikiliza nikiwa kwenye basi kutoka Makambako kuja Iringa, tulipopita ile misitu ya Sao Hill ukungu umeshuka mpaka barabarani, nikaielewa Black Cloud. Far from the Harbour Wall nayo, dah. Nachoshangaa ni kwanini haikuuza. Mtu wa Pink Floyd, Sinéad ndani, Pino ndani.

Loleza_Juu

Kwa mtazamo wangu ni muda. 1996 Uingereza ilikuwa imeshikwa na Oasis na Blur, magita na kelele, nani angekaa chini saa nzima amsikilize mzee wa miaka 53 akiongelea sonona? Na hakuipeleka kwenye ziara. Breakthrough yenyewe wengi waliijua baadae kupitia DVD ya David Gilmour ya shoo za Royal Festival Hall, pale Wright anapoingia kama mgeni anaiimba mwenyewe. Itafuteni, ni toleo tofauti, linaenda uchi zaidi, na mkitaka kumshawishi mtu asiye na uvumilivu mumuanzishie hapo.

Kinanda_Tukuyu

Wakuu mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani huku Tukuyu, Yamaha PSR. Miaka yote nimefundishwa kujaza, mwimbaji akimaliza mstari mimi naingia na vidole, kwenye seben ndo usiseme. Nimesikiliza hii albamu na kilichonishangaza ni kwamba huyu mzee hajazi. Naomba mwenye ujuzi anieleze kiufundi anafanyaje, maana nikijaribu kupiga noti chache inasikika tu kama sijui kupiga.

Loleza_Juu

Swali bora la uzi huu. Nitajaribu, na wapiga vinanda wengine muongezee.

Kwanza, Wright alipenda jazz kabla ya rock. Kwenye Breathe ya 1973 kuna kodi moja, yaani zile noti zinazobonyezwa pamoja, alieleza mwenyewe kwamba aliitoa kwenye Kind of Blue ya Miles Davis ya 1959. Kwahiyo noti zake ni chache ila ni zile zenye utamu, siyo zile tatu za kawaida tunazofundishwa mwanzo. Noti chache za kawaida zinasikika tupu, noti chache zilizochaguliwa zinasikika zimejaa. Hapo ndo tatizo lako lilipo nadhani.

Pili, habadilishi mkono wote. Chukua Us and Them. Besi inabaki D muda wote, haisogei. Juu yake unaanza na D yenye E ndani, halafu unaongeza B, halafu F shapu inashuka kuwa F ya kawaida na C shapu inaingia, hiyo ndo ile kodi inayouma watu moyoni bila kujua kwanini, halafu unafungukia G, besi bado D. Kila hatua kidole kimoja au viwili tu ndo vinahama, vingine vinakaa palepale. Msikilizaji anaona rangi inabadilika lakini haoni mtu akitembea. Muziki huo aliutunga kabla ya Dark Side, wakati wanafanya kazi ya filamu ya Antonioni, Zabriskie Point, mwongozaji akaukataa, wakaja kuutumia baadae.

Tatu, sauti yenyewe. Enzi zile alikuwa na ogani ya Hammond na spika ya Leslie, ile yenye pembe inayozunguka ndani, unaweza kuizungusha polepole au haraka, na yeye karibu wakati wote yupo polepole. Noti moja ukiishikilia kwenye Leslie inatembea yenyewe, huna haja ya kuongeza nyingine. Kwenye PSR yako tafuta padi au strings, zima staili na ritimu, punguza mwanzo wa sauti uwe unaingia taratibu, na kama una pedali ya volyumu mguu ndo uwe unaimba. Shikilia. Ukisikia hamu ya kuingiza vidole, iache ipite.

Sabufa_Mwanjelwa

Nimerudi. Nimeisikiliza na hedifoni za dogo mmoja hapa jirani, saa tano usiku. Nachukua maneno yangu nusu, wimbo wa pili bado siutaki. Ila ule wa kwanza kabisa Breaking Water na wa nane Interlude, ile piano... nimeziweka kwenye simu.

Nimeona pia kuna albamu nyingine ya 1984 inaitwa Identity, kundi la Zee, yeye na Dave Harris. Niitafute?

Kihesa_Kwetu

Achana nayo mkuu, hapo wamejaza Fairlight, kile kinanda cha kompyuta, kila mahali, Wright humsikii. Hata mwenyewe hakuipenda baadae. Nenda Wet Dream.

Loleza_Juu

Kwa Zee naungana na Kihesa. Anza Wet Dream, halafu urudi Broken China moja kwa moja mpaka mwisho.

Kinanda_Tukuyu

Mrejesho. Jana mazoezi ya kwaya nimejaribu ile ya besi kukaa sehemu moja, kwenye wimbo wa taratibu wa kabla ya mahubiri. Beti la kwanza waimbaji walikuwa wananigeukia wanadhani nimesahau, beti la pili sauti ya nne wakaanza kusikika, mwalimu akasema kumbe mna sauti nzuri hivi siku zote zilikuwa wapi. Akaniambia Jumapili nipige hivyo hivyo. Shida ni moja, wimbo wetu uko F na kwenye ile kodi ya huzuni soprano wanavutwa wanapotea.

Loleza_Juu

Safi sana kaka, hiyo nimefurahi mno!! Kwenye F besi ibaki F, na kodi yenyewe inakuwa F, A flati, C na E. Wanaowapoteza ni hiyo E ukiiweka juu kabisa, inagombana na soprano wakiwa wanashika F. Ishushe mkono wa kushoto, chini ya wimbo, juu uache A flati na C tu. Na usiingie nayo kwa nguvu, iingize wakiwa wanavuta pumzi. Jaribu Alhamisi kabla ya Jumapili, ukikwama rekodi kwa simu uweke hapa tusikilize.